Tundu la Senti Kumi

Jumamosi, baada ya kuanika nguo na kumwagilia sukuma wiki za nyuma ya nyumba, Lydiah aliifuta meza ya sebuleni, akaketi karibu na dirisha na kumimina senti zake kwenye sinia. Zote zilikuwa senti kumi za enzi ya mkoloni, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni. Alichukua moja moja, akafumba jicho la kushoto, akachungulia. Majirani wa Buruburu waliopita kwenye kijia walimwona, wakamsalimia na kwenda zao dukani.

Senti yenye tundu hukumbuka siku moja. Hili si siri. Wazee wa Shauri Moyo walilijua tangu zamani, lakini enzi hizo nani alikuwa na nafasi ya kuchungulia pesa? Pesa ilikuwa ya kununulia unga, basi. Senti hujichagulia siku yenyewe, na ukiweka jicho kwenye tundu unaiona siku hiyo, na walio ndani wanakusikia ukisema. Moja iliyowahi kukaa Kisumu ilimwonyesha mchuuzi wa samaki aliyeinua kichwa akamwambia, "Mama, sogea kidogo, unanizibia mwanga." Lydiah alimwomba radhi, akasogea.

Alikuwa akitafuta senti moja tu, ile aliyofungiwa Kiarie mkononi.

Kiarie alikuwa ndugu yake, kitindamimba wa nyumba yao. Lydiah ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfunza kupiga mluzi. Waliishi chumba kimoja Shauri Moyo, midomo mingi na unga mchache, na enzi hizo mtoto akitumwa dukani hakupewa pesa aishike, kwa kuwa mtoto ni mtoto, angeiangusha akikimbiza tairi. Mama alipitisha uzi wa katani kwenye tundu, akaifunga senti mkononi mwa mtoto kwa fundo gumu, na mwenye duka ndiye aliyeifungua. Alasiri moja, mwaka wa pili baada ya uhuru, Lydiah alirudi kutoka shule akaambiwa Kiarie ametumwa chumvi na hajarudi. Baba alizunguka soko lote la Gikomba na koroboi mkononi. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Watoto waliobaki waliwekewa ugali na kabichi, na Lydiah, kwa kuwa njaa haijui msiba, alikula na fungu la Kiarie. Kilikuwa chakula kitamu, na hilo lilimuumiza kuliko mengine yote.

Mama aliitisha maombi ya Kiarie kila mwaka hadi alipofariki. Aliyaongoza mwenyewe, amevaa kitambaa cheupe, na hapakuwa na mwanamke kanisani aliyeombewa na kuhurumiwa kama yeye. Picha yake ilitundikwa sebuleni kwa Lydiah, juu ya televisheni, pamoja na ua la plastiki ambalo Lydiah alilipangusa vumbi kila Ijumaa. Alipostaafu kazi ya shirika la simu, alijiambia kwamba kiinua mgongo chake kitamtafuta Kiarie, ili Mama huko aliko apumzike.

Majuto ni mjukuu, na Lydiah alipata ukoo mzima. Senti ya kwanza aliyonunua ilikuwa chafu, nyeusi tititi, naye akafanya alivyofunzwa kufanya na sufuria: akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikametameta. Alipochungulia aliona weupe mtupu, kama televisheni za zamani baada ya taarifa ya habari ya mwisho. Siku ya senti hukaa kwenye uchafu wake. Ukiusugua, umeifuta, na hakuna fundi wa kuirudisha. Aliilia ile senti kwa uchungu, kwa sababu huenda ndiyo ilikuwa yenyewe.

Kisha akauziwa mfuko mzima na bwana mmoja mwenye suti na maneno matamu. Alipochungulia ya kwanza aliona kibanda cha mabati na kijana anayetoboa vipande vya shaba kwa mashine, mahindi ya kuchoma mdomoni. Ya pili, kijana yule yule. Ya tatu pia.

"Wewe kijana, huna haya?" Lydiah alimuuliza kupitia tundu.

"Mathe, pole," kijana akamjibu, akaendelea kutoboa. "Mimi nimeandikwa tu."

Lydiah alikuwa na binti, Shiro, aliyeishi naye na kufanya kazi ya kusuka nywele hapo hapo mtaani. Shiro aliutazama ule mfuko, akaketi kwenye kiti cha mkono, akashika tama.

"Mathe, umeuziwa mbuzi kwenye gunia tena."

"Safari hii walisema wana cheti."

"Friji ilienda hivyo hivyo, na cheti."

Friji ilikuwa imeuzwa kweli, na pesa za kupaka nyumba rangi zilikuwa zimeenda, na ile mashine nzuri ya kushonea aliyoachiwa na marehemu mumewe. Lydiah alijua. Lakini wapi! Jumatatu ilipofika alishika kikapu akashuka sokoni Muthurwa.

Huko Muthurwa aliuziwa na Nuradin, aliyetandaza turubai pembeni mwa wauza vitunguu na kupanga kufuli kuukuu, redio za betri, pasi za makaa na senti. Nuradin hakuwa tapeli. Senti zake zilikuwa za kweli, alizitoa kwa ajuza na wajane. Alikuwa na sheria moja tu, na wauza senti wote wanayo: kuchungulia ni kununua.

"Ukishaona, utaitakia nini tena?" alimweleza Lydiah siku ya kwanza. "Wallahi, mama, watu watakuja kuangalia sinema hapa bure, na mimi nitalala njaa."

Kwa hiyo Lydiah alinunua bila kuona. Alinunua harusi za watu, akanunua mvua ya Nakuru, akanunua mzee anayenyolewa chini ya mti huku akilalamika kuhusu mkwe wake. Kila aliyemkuta ndani alimuuliza, "Hujaona kijana mdogo, kaptura ya kaki, ana pengo hapa mbele?" Wote walifikiria kwa heshima, wakamwambia hawajamwona. Senti moja ilimwonyesha Shauri Moyo yenyewe, milango ya kijani, wanawake wakichota maji kwenye bomba na kutaniana. Hiyo aliiangalia wiki nzima. Hata Shiro aliomba aangalie, akasema, "Kumbe mtaa ulikuwa msafi hivi?"

Ilipokaribia Idd, Nuradin aliwaza amfanyie hisani mteja wake mkubwa. Lydiah alipofika alimkuta amechuchumaa na bakuli la majivu, vipande vya ndimu pembeni, anasugua. Senti zilizokuwa tayari ziling'aa juu ya gazeti.

"Wee! Acha! Acha, mwanangu!" Lydiah alipiga kelele hadi muuza vitunguu akaangusha mizani.

Nuradin aliacha. Senti iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa imesuguliwa nusu, upande mmoja dhahabu, upande mwingine giza.

"Nilitaka zikupendeze," alisema, na alisikitika kweli. "Chukua zote, mama. Leo sitaki pesa yako."

Lydiah aliketi juu ya gunia la vitunguu. Zilizong'aa hakuzigusa. Alichukua ile ya nusu, akafumba jicho la kushoto.

Aliona kituo cha basi. Nusu ya kulia ilikuwa weupe mtupu. Kwenye nusu ya kushoto alisimama Mama, kijana bado, tumbo la mimba iliyokuja kuharibika limeanza kuonekana, leso yake ya manjano kifuani. Mbele yake alikuwa Kiarie. Kaptura ya kaki, pengo, na nywele zimechanwa kwa maji kama za siku ya kanisa. Lydiah alimpenda pale pale upya, kwa nguvu zote.

Mama alipiga magoti, akaushika mkono wa Kiarie, akaanza kulifungua fundo la uzi kwa meno. Alikuwa amelikaza asubuhi, wakati alipomwambia anamtuma chumvi. Kiarie alicheka kwa sababu ya kutekenywa. Fundo lilipokubali, Mama aliifunga senti kwenye pindo la leso, maana senti kumi ilikuwa senti kumi. Kutoka kwenye weupe ulitokea mkono wa mwanamke, wenye pete na saa ndogo. Mama akauweka mkono wa Kiarie ndani ya ule mkono. Kiarie akaingia kwenye weupe akipiga mluzi. Mama alisimama hadi basi lilipoondoka, kisha akaenda dukani, akafungua pindo, akanunua chumvi.

Lydiah alimrudishia Nuradin bakuli lake lililokuwa limepinduka, akamtakia Idd njema, akapanda kwenda nyumbani.

"Umepata?" Shiro alimuuliza mlangoni, kwa kuwa uso wa mama yake ulikuwa umebadilika.

"Nimepata."

"Alipotea vipi?"

"Hakupotea," Lydiah alisema, akaenda jikoni kukata kabichi.

Walikula wakiwa wawili, mezani, chini ya ile picha yenye ua la plastiki. Shiro alionja, akaweka kijiko chini.

"Mathe, hii haina chumvi."

"Ile ya siku ile ilikuwa nayo," Lydiah alisema, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Baada ya kula aliitoa senti kwenye pindo la kanga, akaiweka jichoni. Kituo cha basi, weupe, Mama amepiga magoti. Uzi ulikuwa bado mkononi mwa Kiarie.

"Mama," Lydiah aliita. "Usimpe. Mimi nitakula kidogo. Mama, ni mimi, Lydiah."

Mama aliacha fundo. Aliinua uso, akamtazama Lydiah moja kwa moja kupitia tundu, macho mekundu, na ilikuwa wazi kwamba amesikia kila neno. Alijipangusa pua kwa pindo la leso. Kisha akainama, akaendelea kufungua kwa meno.

Shiro akauliza kama atoe vyombo. Lydiah akamwambia atoe.