Dume wa Bwawa la Tatu

Jumanne asubuhi Hortense alimkamua samaki dume wa bwawa la tatu, akaweka tone la mbegu zake chini ya mikroskopu, akatazama saa. Ziliogelea sekunde kumi na mbili, zikasimama. Dume huyo alizaliwa jike. Hortense mwenyewe ndiye aliyemlisha dawa ya kumgeuza alipokuwa mdogo kama punje ya mchele, maana mradi ulitaka wazazi wa kutoa vifaranga wa jinsia moja.

“Usiandike mi niko zaifu,” samaki akasema. “Andika nani alinilisha.”

Hortense akaandika. Msimamizi wa mradi akafuta, akaweka: dume dhaifu.

Siku hizo bunduki zilikuwa zimenyamaza Bunia, ingawa watu wa mtaa wa Bigo bado walilala viatu vikiwa karibu na mlango. Hortense na mumewe Katsuva walikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Mama mkwe, Bernadette, alisema kosa ni la tumbo la Hortense, akamnywesha majani machungu ya kutafutia mtoto. Miezi miwili nyuma, Hortense alikuwa amepima mbegu za Katsuva kwa siri, kwa mikroskopu ileile. Haikusogea hata moja. Alisafisha kioo akanyamaza, kwa sababu alimpenda na hakutaka aibu imfikie.

Jumapili Katsuva na mama yake walimfuata bwawani kumwambia kwamba wamepata mke wa pili, binti wa Mahagi, Christella. Katsuva alipoinama kunawa mikono, dume akatoa kichwa majini.

“Huyu baba, mbegu yake haiogelei,” akasema. “Yangu inajaribu.”

Katsuva akajifuta mikono kwenye shati.

“Samaki haiko mu famille,” Bernadette akajibu. “Haiwezi kusema mu kikao yetu.” Akamgeukia mkwewe. “Weye, unasema nini?”

Wote wakangoja, na samaki pia.

“Mi sina neno, mama.”

Samaki akazama.

Christella aliletwa baada ya Pasaka, akapewa chumba cha mbele. Ikapita miaka miwili. Jioni moja Christella, macho yamemvimba kwa kulia, alimfuata Hortense jikoni, akamwita kama dada yake mkubwa.

“Yaya, banasema tumbo yangu ni mubaya.”

Nje, Katsuva alikuwa akitengeneza baiskeli huku akipiga mluzi. Hortense alimsikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akateremsha sufuria, akamwonyesha Christella jinsi ya kuchemsha yale majani machungu aliyoyanywa yeye kwa miaka tisa.