Seva ya Sita Ilipogoma

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati la seva, kebo mkononi, baba mkwe alipoingia. Nikaruka kama niliyefumaniwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usiache kazi kwa ajili yangu. Nimeleta madaftari tu."

Alikuwa mpima ardhi wa ofisi yetu hii ya ramani kwa miaka thelathini na moja, na tulitaka kulinganisha vipimo vyake na ramani mpya. Nikampa kiti pekee kilichokuwamo. Feni zilivuma hata ikabidi tupaze sauti.

Nikamweleza: seva nane, zote za mfumo wa Linux, naziwekea programu ya kuzisimamia ili zifanye kazi kama mashine moja. Moja inagawa kazi, saba zinatekeleza.

"Kama mnyapara."

"Mnyapara asiyefoka, baba."

Akatabasamu. Kwake yeye, tabasamu ni hotuba nzima.

Kufikia saa nne zote zilikuwa zimeitika isipokuwa ya sita. Nikafuta programu, nikaiweka upya. Wapi! Nikabadilisha kebo, nikakagua nenosiri herufi kwa herufi. Ya sita ilijibu kila ilipoitwa, ila jibu lake lilikataliwa kama barua ya mtu asiyejulikana. Jasho likanitoka ndani ya chumba chenye baridi ya jokofu.

"Samahani kukuingilia," akasema. "Saa zao zinalingana?"

"Saa, baba?"

"Sisi tulipopima, mmoja kilima hiki, mwenzake kile, kwanza tulilinganisha saa. Zikipishana, kazi yote bure."

Nikaangalia. Ya sita ilikuwa nyuma kwa dakika saba. Kwa wenzake, kila ilichosema kilikuwa kimeshapitwa na wakati. Nikairekebisha, nikatoa amri moja. Majina manane yakashuka kwenye skrini, yote yakisema tayari. Nywele zikanisimama. Miaka sita nimefanya kazi hii, sijawahi kuona mashine nane zikivuta pumzi moja.

Nikazipa picha zilizopigwa kutoka angani za bonde alilolipima yeye ujanani. Feni zikapandisha sauti kwa pamoja, na bonde likaanza kujichora: kingo za mto, vijito, vilima kimoja baada ya kingine.

Baba mkwe akasimama. "Hapa nilikaa misimu mitatu," akasema, kidole kikifuata kijito kwenye kioo. "Kijito hiki tulikivuka na darubini ya kupimia kichwani."

Akafungua daftari, akatafuta kimo cha kilima kirefu kuliko vyote. Tukalinganisha. Tofauti haikufika shubiri moja.

Nikaacha kuitazama skrini, nikamtazama yeye. Mashine nane, na mzee huyu, kwa miguu na penseli, alikuwa amefika palepale.

Dakika ishirini na mbili, ramani ikakamilika. Baba mkwe akavuta kiti karibu, akaketi.

"Mwanangu, zinaweza kuanza tena? Ila polepole kidogo."