Mifuko Miwili ya Kulalia

Mama Béatha alinivuta pembeni baada ya misa, akanisogeza kwenye kivuli cha ukuta wa parokia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu Clovis ananipiga. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna mwanamume mwingine. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Yeye na mumewe, baba Salvator, ndio waliosimamia ndoa yetu mwaka jana. Kwetu msimamizi wa ndoa haji kutia sahihi na kula keki tu. Ana ruhusa ya kuuliza mambo ya ndani, naye huitumia. Kwa hiyo sikumjibu vibaya. Nilitaka tu kujua swali hilo limetoka wapi.

"Iteka mwanangu," akasema, "tumesikia umemkatalia mumeo blanketi moja."

Hapo nikaelewa. Hasira ilinianza polepole, na mpaka leo sijui niseme imeishia wapi.

Kikundi chetu cha wanandoa wapya kilikuwa kimepanga kwenda kupiga kambi Kinigi, chini ya volkano, kwenye kiwanja cha masista. Norman, kiongozi wetu, alitangaza kwamba kila wanandoa wawili waje na hema lao na vitu vyao vya kulalia. Kinigi kuna baridi, na mvua haibishi hodi. Mimi na Clovis tumepanga nyumba Batsinda, na kipato chetu hakituruhusu kununua kitu kibaya halafu tununue tena. Tena mimi hata sufuria siinunui bila kuipindua. Basi jioni baada ya jioni nilikaa na simu nikiangalia watu wa nchi za mbali wakisimamisha mahema kwenye upepo, na hasa nikiangalia yale yaliyoanguka.

Jumamosi tukaenda Gisimenti kwa Kagabo, anayeuza vifaa vya kambi, vipya na vilivyotumika. Alitufungulia hema dogo la buluu.

"Hii iko ya watu wawili, madamu. Iko ya wapendanao."

Nilivua viatu nikaingia, nikamwambia Clovis alale kando yangu. Mabega yetu yaligusa kuta huku na huku. Ukuta ukiguswa wakati wa mvua, unyevu unaingia, na mabegi yetu yangekosa pa kukaa. Nikamwambia Kagabo kwamba hema la watu wawili ni la watu wawili wasio na mabegi. Tulichagua lililoandikwa la watatu. Halikuwa jipya na ufito wake mmoja ulikuwa umeungwa, lakini kifuniko chake cha nje kilishuka karibu mpaka chini, na mishono ilikuwa bado imezibwa vizuri. Nilifungua zipu na kuifunga, nikafungua tena.

"Sha, rafiki yangu," Kagabo akamwambia Clovis, "huyu akinunua ndege ataomba kwanza kulala ndani ya injini."

Tulicheka sote. Kisha tukafika kwenye mifuko ya kulalia. Alikuwa nao mfuko mmoja mpana wa watu wawili, wa bei rahisi kuliko kununua miwili. Nasema ukweli, mimi niliupenda. Tuliingia pamoja pale sakafuni, na Kagabo akatuvutia zipu mpaka mabegani. Clovis alikuwa katikati ya mzaha fulani, mzaha ukakatika. Nilisikia kifua chake kikienda mbio. Kisha goti lake likanigonga, kiwiko kikanipata shavuni, na mara yuko nje, amesimama, paji la uso limelowa jasho. Kagabo akasema mambo ya maharusi hayo. Clovis naye akacheka, lakini hakuusogelea tena ule mfuko.

Barabarani aliniambia kwamba hawezi kufungiwa ndani ya nguo pamoja na mtu mwingine. Amekuwa hivyo tangu utoto wake kule Buyenzi, Bujumbura, alipokuwa akilala na kaka zake chini ya chandarua kimoja kilichochomekwa pande zote.

"Tuchukue miwili, kila mtu wake," akasema. "Lakini usimwambie mtu."

Nikakubali. Tulirudi tukachukua miwili ya aina moja, mmoja una zipu kushoto na mwingine kulia, ili siku akibadili mawazo iweze kuunganishwa. Kwa sababu ya gharama ya mfuko wa pili tuliacha kununua magodoro ya kambi, nikakata sponji kutoka kwenye godoro letu la zamani. Sikulalamika. Siri ya nyumba hukaa nyumbani, hilo sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Sasa, pale kwenye kivuli cha ukuta, mama Béatha alinieleza yaliyosemwa baada ya mpira. Wanaume wa kikundi walipomaliza kucheza waliulizana nani amenunua nini. Clovis akasema amenunua mifuko miwili. Wakacheka. Baba Salvator akauliza kwa nini miwili, na mume wangu akajibu, "Iteka ndiye anataka wake."

Mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini kwetu wanandoa wakigombana, swali la kwanza la wakubwa ni kama bado wanajifunika blanketi moja. Mke anayetaka lake peke yake anahesabiwa ameshaondoka, bado tu kubeba sanduku. Clovis anajua hilo kama ninavyolijua mimi.

Nilimwambia mama Béatha kwamba sipigwi wala sina mwanamume. Mengine sikuyasema, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nyumbani nilimuuliza Clovis taratibu, nikampa nafasi, maana huenda mtu ana sababu usiyoijua. Akasema walikuwa wanamcheka, neno likamtoka tu, litapita. Nikamwambia aende akarekebishe. Akasema kesho. Akaendelea kusema kesho mpaka Mukamana, mke wa mmoja wa wale wanaume wa kikundi, ambaye huwa tunasalimiana kwa kichwa tu, aliponikuta dukani Kabeza karibu na kliniki ninakofanya kazi. Alinishika mkono mbele ya wateja akaniambia ananiombea. Nilimshukuru. Jioni hiyo nilikata kitunguu hadi kikawa uji.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, wasimamizi wetu wakaja Batsinda na zawadi. Niliitambua kwa unene wake. Kikundi kilikuwa kimechanga. Ulikuwa mfuko wa watu wawili, mpya, rangi ya divai. Mama Béatha aliutandaza magotini akaanza kunishauri juu ya mwaka wa kwanza wa ndoa, juu ya kiburi, juu ya wanawake wa siku hizi. Baba Salvator akaongeza kwamba hata mke akikasirika, akasirikie chini ya blanketi lilelile.

Clovis alikuwa anatazama kikombe cha chai. Kila walipotulia nilimwachia ukimya ule autumie. Hakuutumia.

Nikasimama. Nilisogeza meza, nikautandika mfuko sakafuni, nikaingia na kitenge changu hivyohivyo, nikashikilia upande wa pili ukiwa wazi.

"Ingia," nikamwambia.

Mama Béatha akapiga makofi kwa furaha.

"Iteka," Clovis akasema kwa sauti ndogo.

"Wakubwa wametuletea zawadi. Ingia."

Aliingia. Alilala kama mtu anayelala kwenye kitanda cha daktari. Nikaanza kuvuta zipu taratibu huku ninamtazama usoni. Kwenye miguu nilifurahi. Kwenye magoti pia. Kwenye kiuno niliona mdomo wake wa juu umelowa, na macho yake yameganda kwenye dari. Mkono wangu ukasimama.

"Ni mimi," akasema. "Baba Salvator, ni mimi. Siwezi kufungiwa. Iteka hajakataa kitu. Mimi ndiye niliyeomba miwili."

Akatoka, akaenda kusimama mlangoni kwenye hewa.

Nilidhani hasira ingeondoka hapo. Lakini mama Béatha aliinuka, akamfuta jasho kwa ncha ya kitenge chake. "Maskini mwanangu, kumbe ni ugonjwa rwose, ugonjwa kabisa. Si ungesema?" Baba Salvator akakumbuka mjomba wake asiyeweza kupanda lifti, akasimulia alivyopanda ngazi za jengo zima mjini akiwa na suti. Wakacheka, Clovis naye akacheka, chai ikaongezwa. Mimi nilikuwa bado nimekaa sakafuni ndani ya mfuko, na hakuna aliyenitazama.

"Mama," nikasema, "mimi uliniuliza kama nina mwanamume."

Mama Béatha akaweka kikombe chini.

"Niliuliza kwa sababu nakupenda, mwanangu."

"Na yeye unampenda. Mbona hukumuuliza kama ana mwanamke?"

Baba Salvator alikohoa, akatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani. Mama Béatha alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

"Hapana," akasema mwishowe. "Sikumuuliza."

Waliaga mapema. Clovis alipiga magoti akaanza kuurudisha mfuko ule kwenye gunia lake dogo. Alisukuma upande mmoja, ukatoka upande mwingine. Akaniomba msamaha huku anasukuma. Nilimwambia msamaha nimeusikia.

"Lakini jina langu ulilipeleka kwa wanaume wote. Peleka na lako."

Akasema Jumapili, baada ya misa. Nikamsogezea simu.

Alimpigia Norman, na nilitaka aweke spika nami nisikie. Norman alicheka mpaka akapaliwa, kisha akamwita mtu mwingine pale alipokuwa, "Njoo usikie ya Clovis." Clovis alisimama katikati ya sebule, akasubiri kicheko kiishe, akaeleza tena tangu mwanzo kwa huyo aliyekuja, kwamba ni yeye, si mke wake. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Alipokata simu nilishika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, nikaufungua.

"Sukuma," nikamwambia. "Huu tutautandika chini ya sponji. Kinigi ardhi ni baridi."

Akasukuma. Akauliza kama bado nimekasirika.

"Ndiyo," nikasema, nikaendelea kushika.