Suti Iliyonukia Asmini

Niliisikia harufu kabla sijafungua begi. Asmini. Suti ya mdogo wangu ya mashindano ya magari, ambayo kazi yake ni moja tu, kukataa moto, ilikuwa inanukia kama shuka za bibi harusi.

"Nani ameifua hii?"

Tulikuwa nyuma ya gereji, saa mbili kabla ya mbio. Mdogo wangu alikuwa anapiga miluzi. Mke wake, ndoa yao haijatimiza miezi mitatu, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi, wifi. Niliona unachoka. Nikailoweka na dawa ya kulainisha nguo, vifuniko vitatu, nikaianika juani ikakauka vizuri."

Vifuniko vitatu! Damu ilinichemka. Miaka sita nimeifua suti hiyo kwa mikono yangu, peke yake kwenye beseni, kwa sabuni nyepesi, nikaianika kivulini jua lisije likala kitambaa. Dawa ya kulainisha haijawahi kuikaribia, maana hubaki kwenye nyuzi, na hayo mabaki yanashika moto.

"Umemwogesha mumeo mafuta ya taa," nikamwambia. "Hongera."

"Dada, hasira hasara," akasema mdogo wangu. "Harufu haiui mtu. Lete nivae."

"Hasara ni wewe kurudi majivu. Huvai."

"Kuna nyingine? Hakuna. Nisipokimbia leo, timu inampa gari mtu mwingine."

Tukavutana, yeye kashika mkono huu wa suti, mimi ule. Nilimtukana, kisha nikamgeukia mkewe, nikamwambia ana kiherehere, na kwamba wengine huingia nyumba za watu bila hodi. Nilisema yote, na nilifurahi kuyasema.

Wifi alisubiri nimalize. Hakulia, na hilo liliniudhi zaidi.

"Wiki ya kwanza nilikuuliza inafuliwaje," akasema. "Ukanijibu hiyo ni kazi yako, nisiiguse. Kwa nini nisiiguse, hukusema. Nikadhani ni wivu."

Ulikuwa wivu. Niliukalia ujuzi huo kama kuku na mayai yake, ili mdogo wangu aendelee kunihitaji. Hasira yote ikanigeukia mwenyewe, nikakosa pa kuipeleka.

"Itawaka kweli?" akauliza wifi.

"Gari likishika moto, ndiyo. Ilitakiwa impe sekunde za kutoka. Sasa itamnyima."

Hakuuliza la pili. Alitupokonya suti, akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akaikandamiza mpaka viwiko vikazama. Suti mbichi haivaliwi, hata mdogo wangu alilijua hilo. Joto likiipata, maji yanakuwa mvuke, na dereva anachemka humo ndani.

"Mmenimaliza," akasema. Akaongeza mengine ambayo siwezi kuyarudia hata mbele ya watu wazima, akaupiga mlango teke, akaenda zake.

Baadaye injini zikaanza kunguruma uwanjani. Gari lake halikutoka. Wifi alikuwa bado ameinamia pipa, sasa analia, maji yanamchuruzika miguuni. Nikakunja mikono ya gauni, nikasimama kando yake.

"Igeuze ndani nje kwanza," nikamwambia. Sauti ilitoka kali, sikuweza kuilainisha. "Usiikamue. Hii haikamuliwi, kwa sababu nyuzi zake zinakatika."

Akaigeuza.