Majibu Yenye Muhuri

Dukani walimwita Mama Beringi, na jina likamganda. Miaka kumi na tisa alikuwa akiuza vipuri vya magari. Mteja akimletea beringi iliyokwisha, aliizungusha kidoleni mara moja, akaisikiliza, akamwambia ni ya gari gani, ya gurudumu lipi, na jinsi dereva wake anavyopita kwenye mashimo bila adabu. Macho yake yalikwisha zamani, akiwa na miaka kumi na minane. Lakini usithubutu kumwonea huruma mbele yake. Waliojaribu walitoka dukani mbio.

Sasa mtu kama huyo, umfiche jambo, utaweza wapi?

Dada yake mkubwa alijaribu. Ilikuwa Alhamisi jioni, wamekaa sebuleni, na majibu ya kipimo cha kivimbe cha titi yalikuwa yameingia kwenye tovuti ya hospitali ya umma. Siku hizi majibu ni huko tu. Dirisha la kuyachukulia lilifungwa mwanzoni mwa mwaka, na hata kumwona daktari ni mpaka uweke miadi humo humo. Mama Beringi alikuwa ameanza kujaribu mwenyewe. Simu yake ina programu inayomsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa sauti ya kike kavu kavu, naye ameibatiza Shangazi. Shangazi alifika kwenye majibu akasema, "Picha." Akashuka chini. "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini, Shangazi? Hajui. Ndipo simu ikaenda mikononi mwa Dada.

"Wamesema ni kivimbe tu," Dada alisoma. "Sio cha kutisha. Urudi ukipata nafasi."

Basi. Lakini Dada ana kucha ndefu, na ukucha wake uligonga kioo mara tatu akishusha maandishi. Barua ya kugongwa mara tatu, maneno yake yawe ya pumzi moja? Mama Beringi hakuuliza. Alisema asante, akachukua simu yake, akaenda kulala bila kuamini hata neno moja.

Maana aliwahi kusomewa hivyo. Akiwa na miaka kumi na sita, barua ya daktari wa macho ilikuja, na baba yake akamsomea: "Wanasema ni miwani tu, mwanangu." Kumbe barua ilisema macho yanakwenda na hayatarudi, mtoto ajiandae. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mno, na kwa mapenzi hayo hayo akamwibia miaka miwili. Angejua, angekaa mbele ya mama yake kila siku, amtazame uso mpaka aukariri. Hakujua, hakutazama. Leo uso wa mama yake haumjii vizuri, na mama mwenyewe yuko kaburini. Kwa hilo hajamsamehe mtu.

Jumatatu aliomba ruhusa ya siku nne kazini, akashika fimbo yake, huyo hospitalini.

"Majibu yako kwenye tovuti, mama," karani wa mapokezi alimwambia. "Mwambie mtu wa nyumbani akusomee."

"Wa nyumbani ndiye ninayemkimbia."

"Basi lete simu nikusomee mimi hapa hapa."

Nyuma yake ilikuwa foleni ndefu, na wote walinyamaza ghafla, masikio yamesimama. Hata mtoto aliyekuwa akilia alisahau kulia.

"Unisomee titi langu mbele ya kadamnasi? Asante, sina shida hiyo. Aliyeitengeneza hiyo tovuti anakaa wapi?"

Alikaa ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Fundi wa tovuti alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya usingizi, baba wa mapacha wachanga, na chumba chake kilikuwa na feni ya juu iliyolia kwi, kwi, kwi.

"Feni yako imekufa beringi," Mama Beringi alisema hata kabla ya kuketi. "Unafanyaje kazi na kelele hii?"

"Nimeizoea, mama."

"Ndiyo tabia ya humu, naona. Haya, niambie, kwa nini majibu yangu ni picha?"

Fundi alieleza. Maabara wanayachapa majibu kwenye kompyuta, wanayatoa kwenye karatasi, karatasi inakwenda kwa Mkuu wa Kumbukumbu kugongwa muhuri, kisha inapigwa picha, na picha inapandishwa kwenye tovuti. Mkuu alishasema tangu siku ya kwanza: bila muhuri si majibu.

Mama Beringi aliyapanga kichwani taratibu. "Kwa hiyo maneno yalikuwemo ndani ya kompyuta."

"Yalikuwemo."

"Mkayatoa."

"Tukayatoa."

"Mkayagonga muhuri, mkayapiga picha, mkayarudisha ndani ya kompyuta yakiwa hayasomeki."

Fundi alicheka kicheko cha aibu. "Ukilisema hivyo, mama..."

"Nilisemeje? Niliimbe?"

Akaambiwa mambo ya wasioona yamepangwa kwenye awamu ya pili, mwakani. Alijibu kwamba kivimbe chake hakina awamu. Akaondoka, na Fundi alidhani yameisha.

Jumanne saa mbili kamili alikuwa mlangoni, na beringi mpya mkobani. Alimpandisha Fundi juu ya meza, akamwelekeza kutoka chini: fungua hiyo, vuta, usipige, nani kakwambia upige, paka grisi. Feni iliporudi kuzunguka haikutoa hata mnong'ono. Fundi alishuka akaisikiliza, kama mtu aliyetolewa mchanga sikioni.

"Kuyaweka maneno chini ya picha ni kazi ya nusu siku," alikiri mwishowe. "Tena nilishaiandaa. Lakini bila ruhusa ya Bwana Muhuri nitafukuzwa kazi, na mapacha wale wanakunywa maziwa kama hawana akili nzuri."

Bwana Muhuri ndilo jina alilopewa Mkuu wa Kumbukumbu na jengo zima, ingawa hakuna aliyelitaja mbele yake. Alimpokea Mama Beringi kwa heshima zote, akamkatalia kwa heshima zote. Bila muhuri, alisema, mtu yeyote anaweza kujiandikia majibu anayoyataka. Mama aandike barua, nayo itapelekwa kwenye kikao cha mwezi ujao.

Jumatano Mama Beringi alikaa kwenye benchi nje ya mlango wake tangu asubuhi. Aliwajua watu kwa viatu, na vya Bwana Muhuri vilikuwa na soli moja iliyobanduka, ikipiga pa kila anapokanyaga. Kila alipopita, alimsalimia kwa bashasha.

"Habari za tangu ile saa, mkuu?"

Mara ya kwanza aliitikia. Mara ya tatu alikohoa. Mara ya tano alijaribu kunyata, mtu mzima na kitambi chake.

"Mguu wa kulia, mkuu. Soli yako itakuangusha kwenye ngazi."

Wauguzi waliokuwa wakipita waliangua kicheko, na Bwana Muhuri akafungua mlango wake wazi. "Mama, ingia! Ingia tuyamalize. Ukiendelea kukaa hapo nitaonekana mimi ndiye mgonjwa."

Aliitoa karatasi yenyewe kwenye faili, akamwekea mkononi. Mama Beringi aliipapasa yote, juu mpaka chini. Ilikuwa laini tupu.

"Muhuri uko wapi?"

"Hapo kwenye kidole chako. Wa bluu."

"Kwangu karatasi hii na ile tunayofungia misumari dukani ni mtu na dada yake. Muhuri wako sikatai, mkuu. Uache hapo hapo ulipo. Mimi nataka maneno." Akamrudishia. "Au basi, nisomee wewe. Wewe si ndugu yangu, huna sababu ya kunificha. Soma kama ilivyoandikwa."

Bwana Muhuri alisafisha koo. Alisoma jina la kitengo, namba ya faili na tarehe, kwa sauti yake ya vikao. "Sehemu iliyochukuliwa kwenye titi la kushoto imekutwa na..."

Akaishia hapo. Aliigeuza karatasi upande wa pili, na Mama Beringi aliisikia.

"Imekutwa na nini?"

"Eh... wanasema hapa, mama, ingefaa umwone daktari." Sauti ya vikao ilikuwa imetoweka. "Ukipata nafasi."

Roho ilimruka. Alishika ukingo wa meza. Kwa hiyo ni kweli. Lipo jambo. Lakini alipiga moyo konde, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa imesimama wima.

"Hayo maneno 'ukipata nafasi', mkuu, yameandikwa humo?"

Soli ilipiga pa chini ya meza.

"Nakuuliza. Yameandikwa?"

"Hayamo."

"Umeyatoa wapi?"

"Nimekuonea huruma, mama. Nisamehe. Yamenitoka tu."

"Dada yangu naye yalimtoka, hayo hayo. Baba yangu yalimtoka zamani. Tangu nina miaka kumi na sita sijaijua barua yangu hata moja kama ilivyoandikwa. Nimechoka kuonewa huruma, bwana! Mnajigawia habari zangu, mimi mnaniachia makombo."

Bwana Muhuri alivuta pumzi. "Basi ngoja nikusomee yote sasa. Yote kabisa."

"Ng'o! Ulishaniruka mara moja, nitajuaje hujaniruka ya pili? Niwekee nisome mwenyewe."

Alisikia kiti kikisukumwa, kisha soli ile ikipiga pa, pa, mpaka mlangoni. "Fundi! Hebu njoo!" Fundi alikuja anahema. "Picha na muhuri wangu vibaki. Chini yake weka maneno yote ya maabara, yasomeke na simu za hawa. Na sio ya huyu mama peke yake, ya kila mtu. Leo."

"Na kikao, mkuu?"

"Kikao nitapambana nacho mimi. Wasioona waliojisajili ni wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Mia tatu na kumi na wawili," alirudia Bwana Muhuri polepole. "Na wote wanasomewa na watu kama mimi."

Wakahamia ghorofa ya pili. Fundi alikaza, Mama Beringi akajaribu. Maneno yaliingia mapema, lakini Shangazi alipoanza tu kusoma namba ya faili, tovuti ilimtoa nje: muda wako umekwisha. Ilimpa mtu dakika mbili.

"Dakika mbili! Shangazi hajamaliza hata salamu."

Fundi akaongeza muda. Vikabaki vile vitufe visivyo na jina, kimoja kimoja, na kila alipokipa jina Mama Beringi alikigusa akahakikisha. Kimoja Fundi alikiita "Bofya hapa". Alirudishwa akakibatize upya. Saa kumi na nusu aliinua mikono. "Tayari, mama. Fungua."

"Nipisheni."

Walitoka, mwenye chumba na mkuu wake, wakasimama ukumbini kama wanafunzi waliochelewa. Mama Beringi alivaa kisikilizi na kugusa kioo.

Shangazi hakuwa na huruma. Alisoma kama anavyosoma kila kitu, kavu, bila kupumzika mahali pasipo na nukta. Imekutwa na seli za saratani. Hatua ya awali. Inatibika kwa upasuaji endapo mgonjwa atawahi. Mgonjwa aripoti kitengo cha upasuaji kabla ya tarehe kumi na nane.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na sita.

Alisikiliza mara tatu. Kisha alilia, tena kwa sauti, wala hakujali waliokuwa mlangoni. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Lakini woga ule ulikuwa wake, ulikuja kwake wa kwanza, na hakuna aliyekuwa ameukata vipande kabla ya kumpa. Alipomaliza alifuta uso, akarudisha kidole kwenye kioo. "Kitufe," alisema Shangazi. "Weka miadi." Akabonyeza. Kesho, saa mbili asubuhi.

"Imesoma?" Fundi aliuliza, Mama Beringi alipofungua mlango.

"Imesoma."

"Yote?" Bwana Muhuri alisema, kwa sauti ndogo.

"Mpaka nukta, mkuu. Sasa kashonwe hiyo soli."

Nyumbani alimkuta Dada akikunja nguo. Alimshika mkono akamkalisha. "Leo nakusomea mimi," akasema, na akayasema yote kwa kichwa, kama anavyozisema namba za vipuri, bila kuacha kitu. Alipofika kwenye neno upasuaji, Dada aliachia shati lililokuwa mkononi.

"Mama aliingia chumba cha upasuaji hakutoka," Dada alisema huku analia. "Niliogopa, mdogo wangu. Nilitaka nikae nawe kidogo, ndipo nikuambie."

"Mpaka tarehe kumi na nane ipite?"

Dada aliokota shati, akajifunika nalo uso. Alilia mpaka akakwama kwa kwikwi, na Mama Beringi hakumbembeleza upesi. Alikuwa na hasira, na aliiacha ikae sebuleni pamoja nao. Baada ya muda ndipo akamsogelea bega kwa bega.

"Hilo neno 'inatibika'," Dada aliuliza, "lipo kweli? Siku ile nilishusha tu, macho yalishaniishia kwenye saratani. Au umeniwekea wewe?"

"Mimi sio nyinyi." Akatoa simu na kumpa. "Soma. Kwa sauti."

Dada alipangusa macho, akaanza. Ukucha wake uligonga kioo mara tatu, na safari hii maneno yaliitosha barua yote.