Bi Mabry Hajaolewa

Cleophus Battle alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Kanisani alikuwa shemasi. Mtaani alikuwa fundi wa kila kitu, kuanzia mashine za kukatia nyasi hadi mapaa yanayovuja. Nyumbani alikuwa mume wa Earnestine. Angalau hivyo ndivyo walivyoamini yeye na Earnestine, watoto wao na kaunti nzima ya Tarver, hadi asubuhi ile walipokwenda mahakama ya mirathi kutafuta nakala ya cheti chao cha ndoa.

Shida ilianzia kwenye ndege. Kitukuu wao wa kwanza alikuwa amezaliwa Seattle, na Earnestine alikuwa ameapa kwamba atamshika mtoto huyo mikononi kabla hajaota meno. Ili kupanda ndege alitakiwa kuwa na kitambulisho kipya, na watu wa leseni za udereva walikuwa na swali moja tu: cheti chako cha kuzaliwa kinasema Mabry, leseni yako inasema Battle, sasa ulitokaje kule ukafika huku?

"Nilipitia kanisani," Earnestine aliwajibu.

Hawakucheka. Walimwambia akalete karatasi yenye muhuri wa mahakama.

Mahakama ya mirathi ya Tarver ina kaunta moja. Hapo hapo ndipo watu hupeleka wosia wa marehemu, ndipo huomba kibali cha kuoa, na ndipo huomba kibali cha kubeba bastola, na wenyeji wameshachoka kuutania mpangilio huo. Karani alikuwa binti wa Kizungu aitwaye Kaylin Stubbs, mwenye adabu nyingi na kucha ndefu.

"Mlichukua kibali kaunti gani, Bi Earnestine?"

"Tulifunga ndoa Mount Pilgrim, ng'ambo ya mto," alidakia Cleophus. "Ile ni kaunti ya jirani."

"Sijauliza mlikofungia, Bwana Cleophus. Mlikochukulia kibali. Karatasi huwa inabaki kwenye kaunti iliyoitoa."

"Basi ni hapa hapa. Mlango wa nyuma, tuliopitia sisi weusi."

Kaylin hakuuliza kuhusu mlango wa nyuma. Kompyuta yake haikujua lolote la miaka ile, kwa hiyo aliingia kwenye chumba cha kumbukumbu akatoka amekumbatia daftari kubwa la ndoa lenye jalada la turubai. Zamani ndoa zilipangwa kwa jina la mwanamume. Aliwapata akina Battle wengi, Homer na Wendell na wengine, lakini Cleophus hakuwemo. Akarudia, akarudia tena, hadi shingo ikaanza kuwa nyekundu.

"Mwanangu," alisema Earnestine kwa upole, "umeshika kitabu cha Wazungu."

"Samahani, mama?"

"Enzi zetu vilikuwa viwili, chao na chetu. Kirudishe hicho, uangalie rafu ya chini. Kama nawajua vizuri, sisi walituweka chini."

Na kweli kilikuwa rafu ya chini, kimejaa vumbi. Kaylin aliporudi hakuweza kuwatazama usoni. Earnestine akamwambia aache kujisumbua, si yeye aliyezipanga rafu zile, na babu yake aliyezipanga hana tena masikio ya kusikia lawama. Cleophus alikuwa anatazama kucha zile ndefu zikiteremka ukurasani, zikasimama.

"Hawa hapa! Cleophus Battle na Earnestine Mabry." Binti akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. "Ila..."

"Ila nini?"

"Kibali kina nusu mbili. Hii ya juu ipo, na saini ya jaji ipo. Ya chini hujazwa na mchungaji akishafungisha ndoa, halafu anarudisha karatasi huku iingizwe kitabuni." Akakigeuza kitabu waone wenyewe. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe pe. "Mchungaji hakuirudisha."

"Mchungaji Tolbert," alisema Cleophus. Jina hilo lilitosha. Mchungaji Tolbert alikuwa mtu wa Mungu kwelikweli, ila aliwahi kuwasahau waumini mtoni alikowabatiza akaenda kula. Huenda kibali kile kilizikwa naye, kikiwa kwenye mfuko wa koti.

"Kwa hiyo maana yake nini?" aliuliza Earnestine.

"Maana yake, kwa vitabu vya kaunti hii..." Kaylin alikifunga kitabu. "Hamjaoana, mama."

Earnestine aliangua kicheko cha kushika mbavu. "Bwana wee! Mimi, mwenyekiti wa kina mama! Nimewatoa wasichana kwaya kwa makosa madogo kuliko haya, kumbe nimezaa watoto watano na mpangaji!" Watu wa kwenye foleni nao wakaanza kucheka. Hata Kaylin alijitahidi kujizuia akashindwa.

Akawaeleza kwamba kuna njia mbili. Wanaweza kuleta mtu aliyeishuhudia ndoa, aape, na jaji aamuru iandikwe hata kama imechelewa. Au wachukue kibali kipya waoane upya. Jaji yupo ofisini, inawezekana leo hii.

"Shahidi," alisema Cleophus hata kabla binti hajamaliza.

Kicheko cha Earnestine kikakatika. "Shahidi?"

"Ndiyo njia fupi."

"Ni sawa, Bwana Battle." Hakuwa akimwita hivyo isipokuwa amekasirika. "Mara ya kwanza ulimuuliza baba yangu, pale barazani mkimenya kunde, mimi nikiwa jikoni. Leo unataka kumuuliza shahidi. Mimi nitaulizwa lini?"

"Unataka nikuulize?"

"Sitaki chochote. Mimi ni Bi Mabry, sina mume. Mpigie simu huyo shahidi wako, na mimi nikae hapa nifikirie kama nakutaka."

Alisema kwa utani, lakini hakuwa anatabasamu. Ukweli ni kwamba swali hilo Cleophus alikuwa ameliogopa tangu ujana wake. Earnestine alikuwa na mchumba mwingine, Thaddeus Poole, kijana wa kofia na viatu vya kung'aa aliyekwenda Detroit akarudi na gari lake mwenyewe. Cleophus alikuwa na bisibisi. Mzee Mabry alipomkubalia pale barazani, Cleophus alishukuru akanyamaza, na ndani ya kunyamaza huko alibaki na wasiwasi kwamba msichana hakumchagua, alipewa. Hakuwahi kumuuliza, kwa sababu asiyeuliza hakataliwi. Alilea watoto na wajukuu, akaezeka nyumba, akawa shemasi, na kumbe pembeni ya yote hayo aliishi kama mtu anayengoja kuambiwa ahame.

Shahidi pekee aliyekuwa bado hai ni Odessa, dada mkubwa wa Earnestine, ambaye hakuwahi kumkubali shemeji yake na hakuwahi kuficha. Alikaa mtaa wa pili tu, lakini alichelewa kwa sababu ya kuchagua kofia. Aliingia amevaa ile ya zambarau ya Pasaka, akainua mkono kabla hajaambiwa.

"Unaapa kusema kweli?" aliuliza Kaylin.

"Mimi husema kweli hata bila kuapa. Endelea."

"Ulikuwepo watu hawa walipofungishwa ndoa?"

"Keki niliioka mimi."

"Ulimsikia bibi harusi akikubali?"

"Hata ng'ombe wa jirani walimsikia."

"Na bwana harusi?"

Odessa akakaza midomo. Akamtazama Cleophus, akaitazama dari, akamtazama Cleophus tena.

"Hapana," alisema.

"Dada Odessa!" Cleophus alimaka.

"Usinidada! Nimeinua mkono mbele ya Mungu na serikali. Nilimwona akichezesha midomo. Labda alisema ndiyo, labda alikuwa anatafuna karanga. Mchungaji mwenyewe alikuwa hasikii vizuri sikio moja, akaona midomo inacheza akasema amina. Mimi siwezi kuapia midomo."

Foleni nzima ililipuka. Jamaa mmoja mnene wa kibali cha bastola akapaza sauti, "Mzee, si useme sasa hivi twende zetu!"

Cleophus alimgeukia Earnestine. Wote walikuwa wanacheka isipokuwa yeye. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake magotini, akitazama ukuta mtupu, na Cleophus akaona kwamba mkewe, au yeyote aliyekuwa kwa wakati huo, alikuwa anasubiri. Pengine alikuwa amesubiri muda mrefu sana. Akaona aibu, na aibu hiyo ikamsukuma kuliko ujasiri ambao angeungoja maisha yake yote. Akavua kofia.

"Magoti yangu yakishuka hayapandi," alisema, "kwa hiyo nitauliza nimesimama. Earnestine Mabry!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Huko nyuma mlango wa jaji ukafunguliwa.

"Nimekula chakula chako ujana wangu na uzee wangu, na sijawahi kujua kama ulinitaka au ulipewa. Thaddeus alikuwa na gari. Leo baba yako hayupo wa kukuamulia, na hakuna karatasi inayokufunga. Ukitaka kwenda, nitakubebea mizigo. Lakini mimi nakutaka wewe. Nilikutaka tangu zamani na nikashindwa kusema. Utakubali nikuoe?"

Hakuna aliyecheka tena. Earnestine alimkodolea macho kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Nilipewa?" alisema taratibu. "Cleophus, miaka yote hii umelala kando yangu ukiwaza hivyo?"

"Si baba yako ndiye..."

"Baba alimtaka Thaddeus! Alitaka gari mlangoni. Nikagoma kupika. Nikagoma kula pia, muulize Odessa, mkono wake bado uko juu."

"Tulikula mikate mikavu wiki nzima," alisema Odessa kwa uchungu ambao ulikuwa haujapoa. "Ndiyo maana simpendi huyu."

"Hadi mzee akasema haya, mwiteni huyo fundi wenu bubu. Unakumbuka ulivyoitwa uje utengeneze pampu ya kisima? Ilikuwa na nini?"

Cleophus akafikiri. "Haikuwa na kitu. Ilikuwa nzima. Nikadhani baba yako haelewi pampu."

"Niliyetuma uitwe ni mimi, mjinga wewe. Ulipokwenda kuuliza pale barazani, mimi jikoni nilikuwa nimeshaolewa na wewe moyoni siku nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Cleophus alifungua mdomo, lakini badala ya maneno yakaja machozi, mazito, ya mzee mzima mbele ya kaunta, na hakuyaonea haya. Earnestine aliinuka, akamfuta kwa kiganja chake, na bila kumwacha mkono akamgeukia karani. "Andika kibali kipya, mwanangu. Bi Mabry ameshafikiria."

Jaji, mwanamke mwembamba aliyekuwa amesikia kila kitu kutoka mlangoni, aliwafungisha papo hapo, na mashahidi walikuwa Odessa na yule jamaa mnene. Bibi harusi alijibu kwa sauti yake ile ile. Zamu ya bwana harusi ilipofika alisema ndiyo, wazi, kila mtu akasikia, na hapo shughuli ilitakiwa iishe. Lakini Cleophus hakunyamaza. Akaendelea kueleza gauni alilovaa Earnestine siku alipomwona mara ya kwanza, na jinsi alivyozunguka nyumba ya akina Mabry akijifanya anatafuta mbwa, na mambo mengine ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia, hata yule yaliyomhusu.

Foleni ikaanza kusogeasogea. Jaji akatazama saa ukutani, akakohoa kidogo.

"Mwache amalize, mheshimiwa," alisema Earnestine.