Mazingira Yako Yako Wapi?

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Redempta alikaa kwenye meza ya dirishani katika ofisi ya kampuni ya programu za kompyuta, pale Mwankoko, Singida, akavua viatu kama kawaida yake, akafungua mwongozo wa kurasa nne uliotumwa na makao makuu. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuandaa mazingira. Si yale ambayo mtu humwandalia karani ili faili lake lisipotee. Kampuni ilikuwa inatengeneza kihariri cha kuandikia programu, ambamo watu kumi wanaweza kuandika kwa pamoja, mmoja Singida, mwingine Dodoma, kila mtu akiona herufi za mwenzake zikijipanga palepale. Lakini kabla hujaandika hata mstari mmoja, lazima kompyuta yako iwekewe zana na mafaili yote ambayo kihariri kinayahitaji. Hayo ndiyo wenyewe wanayoyaita mazingira.

Mwongozo ulikuwa umetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mwenye haraka zake. Hatua ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, ya tatu ikagoma mara mbili ndipo ikapita. Kwenye hatua ya nne kompyuta ikauliza: Mazingira yako yako wapi?

Alitakiwa kuandika jina la folda, na alijua hivyo. Lakini Redempta alikuwa binti wa Agripina, na kwa Agripina ukiulizwa swali unajibu lile uliloulizwa. Akaandika: Mwankoko, kiwanja cha baba, pale penye kisima. Kompyuta ikajibu kwamba imeyaona, ikaanza kuyapakua.

Ilipofika asilimia kumi, vigae vya sakafuni vikawa udongo wa kichanga. Asilimia thelathini, alizeti zikaota katikati ya meza, zikageukia dirishani. Asilimia sitini wakaingia kuku. Deo, aliyekuwa Dodoma na ameunganishwa kwenye faili lilelile, akaandika pembeni:

"Dada Reda, huku kwangu kuna kuku wanne chini ya meza. Ni wa kwenu?"

"Ni wa mama. Yule mwekundu anadonoa, usimsogelee."

"Poa," aliandika Deo, akapandisha miguu kwenye kiti na kuendelea na kazi.

Ilipotimia asilimia mia, kati ya printa na mtungi wa maji ya kunywa palikuwa na kaburi la Mathayo, baba yake Redempta, pamoja na msalaba wake wa mninga. Herufi ya mwisho ya jina ilikuwa imepinda, maana fundi alichonga huku mvua inamnyeshea. Redempta akavaa viatu, akasimama.

Miaka tisa nyuma kiwanja hicho kilitwaliwa ili lijengwe jengo hilihili. Mthamini alikuja na fomu, akaandika: tembe moja, choo kimoja, kisima kimoja, mipapai mitatu, makaburi hakuna. Agripina alisimama mbele yake akamwonyesha kaburi la mumewe kwa kidole. Mthamini akasema fomu imeshajazwa kwa wino. Basi, kwa kuwa kaburi ambalo halipo halihamishwi, tingatinga likapita juu. Agripina akaenda kuishi Mtinko kwa kaka yake, na tangu hapo kila alipomwombea mumewe hakujua ageukie upande gani. Nyumba alishaisahau, ila hilo la kaburi ndilo lililomkata maini. Redempta alipoajiriwa ndani ya jengo lile alikaa miezi mitatu bila kumwambia mama yake. Jamani, unaanzaje kumwambia mama yako kitu kama hicho?

Siku hiyo alimpigia simu. Agripina akafika kabla ya saa saba, na jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Alipiga magoti karibu na printa, akang'oa magugu kwa mikono, akazungumza na mumewe kwa Kinyaturu muda mrefu. Alilia pia, kwa sauti, na wafanyakazi wakapunguza muziki. Kisha akajifuta uso kwa khanga, akamgeukia binti yake.

"Waliniandikia hakuna. Haya, na hiki ni nini?"

Mansuri, mkuu wa ofisi, akatoka chumbani kwake. Hakuwa mtu mbaya. Kwao ni wauza vitambaa pale mjini, watu wa adabu. Alimwamkia Agripina, akampa pole, akaamuru printa isogezwe. Redempta akamwambia shida yao ni neno moja tu.

"Kwenye ile fomu, bosi. Palipoandikwa hakuna, paandikwe moja. Mama hataki kingine."

Mansuri akaingia ndani kupiga simu makao makuu. Alirudi baada ya nusu saa, anaangalia viatu vyake.

"Wanasema tathmini ilishafungwa. Iliyoandikwa ndiyo hiyohiyo." Akakohoa. "Ila mazingira wameyapenda. Watu kumi wameunganishwa na hakuna hata mmoja aliyekatika tangu asubuhi. Wanasema yasiguswe. Na wewe Redempta uwaandikie matawi mengine jinsi ulivyofanya."

"Na mama?"

"Mama anaruhusiwa kuja saa za kazi. Afuate utaratibu wa wageni, basi."

Redempta aliandika mwongozo huo, kurasa sita, akiwa amekunja uso mwanzo hadi mwisho. Alizeti zikakomaa, mbegu zikapelekwa stoo ya kampuni. Kihariri kikaanza kutumika.

Agripina huja kila Jumanne na kidumu cha maji. Mlinzi wa getini ni Chrispin, kijana mchangamfu anayependa utani.

"Karibu mama! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji amelala humo ndani, baba. Huyo haponi tena."

Chrispin humsogezea kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Agripina huandika taratibu. Jina: Agripina. Unayekuja kumwona: Mathayo. Sababu: binafsi. Kwenye unakotoka huandika: Hapa.

"Hapana mama. Hapo wanataka unakotoka. Hapa ndipo unapokuja."

"Mimi natoka hapa, mwanangu."

"Najua mama. Kitabu ndicho kinachokataa."

Chrispin hukata neno hilo kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake Mtinko. Halafu humpa kadi ya kuvaa shingoni iliyoandikwa MGENI. Agripina huivaa, akaiweka sawa kifuani, akaingia kwa mumewe.